Mkwe Haitwi Jina

Jumatatu, 25 Novemba

Daftari hili nimepewa bure, kwa hiyo naandika. Madam Hana wa semina alitugawia kila mtu lake. Ijumaa na Jumamosi tulikuwa ukumbini Mpanda mjini tukifundishwa mawasiliano kazini. Siku mbili nzima, chai na maandazi, kufundishwa kuongea. Mimi Pudensiana, niliyezaliwa Usevya katika nyumba ya wanawake saba, eti nafundishwa kuongea.

Lakini nisiwe mwongo, mambo yake ni machache na yanashikika. Sema jambo lenyewe, usilizungushe. Mwambie anayehusika, si jirani yake. Na wewe uliyeambiwa, rudia ulichosikia, ili aliyesema ajue kimefika. Basi, ni hayo tu. Akatuomba tuandike msimu mzima wa mvua: nani alisema nini, nani alisikia, kilifanyika nini. Akamalizia kwamba machimboni maneno yakipotea, watu hufa. Baada ya hapo sikuona mtu akichukua andazi.

Mimi ni karani wa zamu kwenye machimbo ya dhahabu, ng'ambo ya Kakese. Naandika nani ameshuka kwenye duara, saa ngapi, na nani ametoka. Duara ndilo shimo lenyewe: mita thelathini na nane kwenda chini, halafu njia ya pembeni inayofuata mwamba. Kamba ikitikiswa mara moja, vuta mtu. Ikitikiswa mara tatu, watu wote watoke. Wanashuka watu saba kila asubuhi, na wa tatu kwenye orodha ni Yotham, mume wangu. Sipati raha mpaka niandike saa yake ya kutoka.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua ya kwanza, fupi. Wote walitoka.

Jumatatu, 2 Desemba

Nieleze shida yangu, kwa kuwa Madam Hana hakuuliza na mimi sikunyoosha mkono.

Mwenye duara ni baba yake Yotham. Katika nyumba hii, mke wa mtoto na baba mkwe hawaongeleshani. Akija huku, mimi napita kule. Sikai alipokaa, simpi mkono, simtazami usoni, na jina lake halipiti mdomoni mwangu hata kama ni jina la muuza nyanya sokoni. Kwetu Usevya mkwe anaheshimiwa, ila hatujakaza kamba namna hii. Kwenye daftari la zamu wengine naandika majina, yeye naandika Mzee. Humu pia ataitwa Mzee.

Sasa, anayehusika na maji, magogo, kamba na kila kitu ni Mzee. Nikiwa na neno lake namwambia Josephina, mpishi wetu, naye anampelekea pamoja na chai. Josephina ni mwanamke mwema kupita kiasi. Hapo ndipo pana tatizo, ila sijajua nilisemeje.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilimfundisha Mabula ile ya kurudia maneno. Mabula ndiye mtu wa winchi, anayeshusha na kuvuta watu kwa kamba, Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao, na hana papara hata akiumwa na siafu. Asubuhi Mzee akamwambia, "Leo teremsha polepole, kamba imeloa."

Mabula akajibu, "Umesema niteremshe polepole kwa sababu kamba imeloa."

Mzee akamgeukia. "Unanirudishia maneno? Mimi na wewe tuna utani?"

Mabula akaomba radhi. Baadaye akanijia mezani, chini ya turubai. "Dada, hiyo semina yenu itanifukuzisha kazi."

Tulicheka. Lakini nimebaki na hofu, maana kama mtu mzima akirudiwa maneno anaona anachezewa, tutajuaje kama tumesikilizana?

Ijumaa, 20 Desemba

Chini kabisa ya duara tumesimika ufito wenye alama tatu za rangi nyekundu. Maji yakigusa ya tatu, hakuna kazi. Leo yamegusa ya kwanza. Wote walitoka.

Jumatano, 25 Desemba

Duara limefungwa. Yotham amelala mchana kutwa, Queen, binti yetu, amemlalia kifuani. Nimekaa nawasikiliza wanavyopumua. Sikuogopa chochote leo.

Jumanne, 7 Januari

Yotham alipotoka, kabla hajanawa, akasema, "Upande wa mashariki matimba yanalia."

Matimba ni magogo yanayoshikilia ukuta wa duara. Yakilia maana yake yamechoka kubeba.

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia Mabula."

"Mabula ndiye baba yako?"

"Mabula yuko karibu na wewe, nilijua litakufikia," akasema, na akaenda kunawa. Yotham naye anamwogopa baba yake, ila yeye anaita heshima.

Nikamfuata Josephina jikoni. Nikasema jambo lenyewe: "Mwambie Mzee matimba ya mashariki yanapasuka. Watu wasishuke mpaka yabadilishwe." Akaitikia. Nikamwomba arudie.

"Pude, mimi mtoto wa chekechea?"

Nikamwacha aende. Nilimwona kwa mbali anaweka chai, anaongea, anatabasamu. Mzee akaitikia kwa kichwa, akanywa.

Jumatano, 8 Januari

Wameshuka kama kawaida. Labda Mzee ameshayaangalia mwenyewe. Wote walitoka.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Wote walitoka.

Jumanne, 14 Januari

Saa tano na nusu pampu ya chini ilinasa. Mabula akamwachia Nashon, msaidizi wake, winchi, akashuka kuinasua. Niliandika: Mabula, saa tano na dakika thelathini na mbili. Sijafunika kalamu, nikasikia mlio kama gunia la mahindi limedondoka kutoka darini. Halafu wakaanza kuita.

Matimba ya mashariki yalitoka, mawe yakafuata. Yotham na wenzake walikuwa kwenye njia ya pembeni, hawakuguswa. Mabula alikuwa pale pale chini ya ukuta. Walimtoa akiwa amefungwa kwenye ubao, mguu wa kulia umegeukia kusikotakiwa. Hakulia. Aliponipita akauliza kama saa yake ya kutoka nimeiandika. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa nimeiandika.

Gari lilipoondoka naye kwenda hospitali, Mzee akawakusanya watu. Mimi nikakaa nyuma ya turubai, mahali pangu.

"Nani alijua?"

Nashon akaanza kukunja kamba.

"Nauliza, nani alijua kwamba magogo yamechoka?"

Yotham akasema, "Baba, ilisemwa. Wiki iliyopita."

"Ilisemwa na nani? Mimi niliambiwa magogo yana umande, mkipata nafasi myatazame. Umande unavunja mtu mguu?"

Josephina alikuwa ameshika sufuria tupu. Akaanza kulia.

Jumatano, 15 Januari

Nilikwenda kwake nikiwa nimejaa maneno. Nilimkuta anachagua mchele, hajalala.

"Josephina, mimi nilisema umande?"

"Hukusema."

"Sasa umande ulitoka wapi?"

"Mzee ana presha, Pude. Nililibeba neno lako nikaona ni kali, nikalivika nguo kidogo."

"Kidogo? Ulilivika mpaka koti."

Hakucheka. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Alipokuwa msichana huko Ikola, alitumwa kumwambia mama yake kwamba kaka yake amezama ziwani. Akasema vile vile alivyotumwa, bila kuzunguka. Mama akaanguka pale pale kwenye dagaa walizoanika na hakuinuka tena. "Tangu siku hiyo," akasema, "siwezi kumpelekea mtu mzima neno kavu."

Nimerudi nyumbani hasira zote zimeyeyuka na hofu imebaki peke yake. Maana nilikuwa nataka awe mwongo, na si mwongo. Halafu na mimi je? Nilimwona Mzee anakunywa ile chai mpaka mwisho. Mtu aliyeambiwa watu wake watakufa hamalizi chai. Nilijua neno halijafika. Nikaacha kwa sababu kulifikisha mwenyewe ni aibu.

Alhamisi, 23 Januari

Mabula amefungwa plasta. Atatembea, wanasema. Matimba yote yamebadilishwa. Watu wameshuka.

Josephina ameniletea buti mpya za mpira. "Zimetoka kwa Mzee. Hakusema kitu." Ni saizi yangu kabisa. Mtu asiyenitazama amejuaje mguu wangu?

Jumatatu, 3 Februari

Naogopa sasa kwa mwili, si kwa mawazo. Jenereta ikikohoa, naangusha kalamu. Ndege akitua juu ya bati, nasimama. Yotham anasema nimekonda. Nimemwambia ni joto, na hakuna joto.

Jumanne, 11 Februari

Alama ya kwanza. Wote walitoka.

Alhamisi, 20 Februari

Hatua ishirini kutoka kwetu kuna duara la zamani, lililoachwa na watu waliochimba kabla yetu. Limejaa maji ya mvua, meusi, karibu na mdomo. Kila siku nalipita nikienda chooni, leo ndiyo nimelitazama. Maji yote hayo yanakaa juu ya vichwa vya watu wetu. Nilimuuliza Yotham njia zake za chini zinaelekea wapi.

"Baba anasema zinaelekea upande mwingine."

"Baba kaambiwa na nani?"

"Na aliyelichimba."

"Yuko wapi tumuulize?"

"Alishakufa."

Nimeweka jiwe jeupe ukingoni, sawasawa na maji yalipo. Nitakuwa naliangalia kila saa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka paji la uso akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Nilikuwa sihitaji kukumbushwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Alama ya pili. Maji ya duara la zamani yako kwenye jiwe langu. Wote walitoka.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna kazi, mvua imenyesha kutwa. Nimemwomba Yotham kesho aumwe. Amecheka, akanishika bega, akasema mtu haumwi kwa kuombwa.

Jumanne, 18 Machi

Naandika mchana huu huu kabla sijasahau mpangilio.

Asubuhi kulikucha kweupe. Mzee mwenyewe akaamua kushuka, anataka aone mwisho wa njia ya pembeni kama panafaa kuendelea. Kwa hiyo walikuwa wanane. Niliandika majina saba na Mzee.

Saa nne na robo nilikwenda kuangalia jiwe langu. Maji hayakuwepo. Yalikuwa chini, urefu wa mtu mzima, na ukuta uliokuwa umefunikwa miezi yote ulikuwa unachuruzika. Katikati maji yalikuwa yanazunguka taratibu. Kulikuwa na sauti huko chini, ndogo, ya kitu kinachonyonya.

Josephina alikuwa amenifuata na ndoo. Akachungulia. "Afadhali jamani, maji yamepungua." Kabla sijafungua mdomo alishakimbilia kwenye duara letu, ameinama, anapaza sauti: "Mzee, habari njema, duara la zamani maji yamepungua."

Kutoka chini nilisikia watu wakishangilia.

Kwa mara ya kwanza Josephina alipeleka neno bila kulivika nguo, kavu kabisa, na la kweli. Maji yalikuwa yamepungua. Ila hakuna aliyewaambia yamekwenda wapi.

Nikamwambia Nashon, "Tikisa tatu." Akanitazama, karani hamwamrishi mtu wa winchi. "Nashon, maji yanawaingilia. Tikisa tatu." Akatikisa. Wakaanza kutoka, wawili wawili kwenye ndoo kubwa, na kila safari ni dakika tatu. Sijawahi kujua kwamba dakika tatu ni ndefu hivyo. Wawili. Wanne. Waliofuata Yotham alikuwa mmojawapo, suruali imeloa mpaka magotini.

"Baba yuko mwisho wa njia," akasema. "Nimemwita. Anasema tutangulie, maji si yamepungua?"

"Umemwambia yanakuja?"

"Nimemwambia baba tutoke. Amesema nasikia."

Wa saba akatoka. Yotham akashika kamba ili arudi. Nikaona namna siku yote itakavyokwisha, baba na mwana kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na nafasi ya saa ya kutoka iko tupu. Ile njia ina urefu wa mita ishirini. Angefika amechelewa na baba yake angebishana naye kwanza.

Kuna bomba la plastiki linalopeleka hewa mpaka kule mwisho, kule kule alikosimama Mzee. Nikazima feni. Nikalichomoa bomba, nikaweka mdomo. Nilitaka kusema Mzee. Lakini Mzee ameshaitwa Mzee asubuhi nzima, ameitwa baba, na kila mara amejibu nasikia. Nikaliita jina lake.

"Osward."

Nyuma yangu Josephina alishika kichwa. Nikaita tena. "Osward. Maji ya duara la zamani yamepungua kwa sababu yanaingia huko uliko. Toka sasa hivi."

Nikaweka sikio. Sauti ndogo ikapanda kwenye bomba, imejaa mshangao kuliko hasira. "Nani huyo?"

"Pudensiana, mke wa Yotham. Rudia nilichosema."

Nilimwambia baba mkwe wangu arudie nilichosema. Nikasikia anapumua. Halafu akasema, "Maji yanaingia huku. Natoka."

Kamba ilitikisika mara moja. Nashon alivuta kama aliyepagawa. Ndoo ilipofika nusu, ardhi ilinguruma chini ya buti zangu, upepo baridi wa tope ukatoka kwenye duara ukatupiga usoni, na maji yakawa yanapanda nyuma yake kwa kelele. Alitoka hana kofia, hana buti moja. Tulimshika, yaani wao walimshika. Mimi niligeukia kilima, yeye akageukia winchi, kila mmoja akampa mwenzake mgongo, kama inavyotakiwa.

Saa nne na dakika arobaini na moja. Wote walitoka. Nimeandika, halafu nimetapika.

Jumatano, 19 Machi

Siwezi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeota bomba, nikaita na hakuna aliyejibu. Yotham amekaa nyumbani siku tatu. Leo nilimuuliza kwa nini hakumwambia baba yake sababu. Akasema, "Nilidhani nikisema tutoke inatosha. Mtoto hampi baba yake sababu." Sikumlaumu. Nilimpa uji.

Jumatatu, 24 Machi

Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema kunusuru ni kunusuru na jina ni jina, ni lazima nilete kuku mweupe. Yotham alikasirika akataka kwenda kubishana. Nikamzuia. Ningepeleka hata mbuzi. Nilimpeleka kuku mwenyewe mpaka kwa shangazi Yustina, dada yake Mzee, nikapiga magoti, nikasema nimekosa. Moyoni sikusikia kosa lolote, nilisikia njaa, ya kwanza tangu Jumanne.

Jioni Josephina akaja. Akasimama mlangoni kama mtoto anayekariri somo.

"Nimetumwa na Mzee. Amesema kuku amepokelewa. Na hili lingine amesema nisiliongeze wala nisilipunguze." Akahesabu kwa vidole. "Amesema alikuwa anaogopa kule chini tangu alipofika, akaona aibu kutoka mbele ya watoto. Amesema, mwambie nilisikia."

Nikamwambia, "Amesema alikuwa anaogopa, akaona aibu kutoka. Na alisikia."

"Ndiyo," akasema Josephina. "Ndivyo alivyosema."

Miezi yote hii nilidhani hofu ya machimbo haya ninayo peke yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Duara la zamani limepigwa pampu mpaka likakauka na sasa wanalifukia. Mvua zinapungua. Mabula amerudi na gongo lake, amekaa kwenye winchi, anamwelekeza Nashon kila kitu ambacho Nashon anakijua.

Jumanne, 8 Aprili

Leo duara limefunguliwa. Hofu haijaondoka, isipokuwa nimeizoea kidogo.

Nilikuwa naandika majina nikaona kivuli kimesimama mbele ya meza yangu. Nikakijua kivuli kile. Nikataka kuinuka nipite kule, lakini upande wa kule kulikuwa na jenereta. Mzee alikuwa amesimama kiubavu, anatazama kilima. Nami nikatazama daftari.

"Mama Queen."

"Abee, Mzee."

"Maji vipi?"

"Alama ya kwanza. Hayajapanda tangu alfajiri. Matimba ya mashariki Yotham ameyakagua, ni mazima."

Nikadhani nimemaliza vibaya. Halafu akasema polepole, akikiambia kilima, "Alama ya kwanza. Hayajapanda. Matimba mazima."

Kwenye winchi Mabula alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua.

"Nashuka," akasema Mzee. "Saa sita nikiwa sijatoka, niite."

"Nitakuitaje, Mzee?"

Alishaanza kuondoka. Alijibu bila kugeuka. "Kama siku ile."

Nikaandika kwenye daftari la zamu: Osward, saa tatu na nusu. Tangu saa tano na nusu nilikuwa nimesimama karibu na bomba, mkono kwenye swichi ya feni. Saa sita kasoro dakika tano kamba ikatikisika mara moja.

Wote walitoka.